Pambo Halipimwi kwa Gramu Peke Yake

Mhadhara uliotolewa mjini Nachingwea mbele ya mafundi, walimu, wachimbaji wadogo na viongozi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa

Vijana mliosimama madirishani, ingieni ndani. Hakuna kiingilio.

Mhadhara huu umepewa kazi moja: kueleza jinsi wasanii na mafundi wa mapambo wanavyotumia vitu ambavyo sonara wa kawaida havigusi, kama karatasi, chumvi, kandambili zilizookotwa ufukweni, bunduki zilizokatwakatwa na mabaki ya mbao, na kuonyesha kazi hiyo inawahusu vipi watu wa wilaya hizi mbili. Umepangwa katika hoja tano. Hazilingani kwa urefu. Ya nne, inayohusu vitu vilivyo hapahapa, ndiyo ndefu kuliko zote, kwa hiyo atakayesinzia kwenye tatu za mwanzo jirani yake amwamshe hapo.

Msimamo wenyewe usemwe mapema ili asiyekubaliana nao aanze kuandaa maswali. Malighafi inayodharauliwa si kimbilio la fundi aliyeshindwa kununua dhahabu. Inadai ujuzi mkubwa kuliko dhahabu. Mkufu wa dhahabu uliotengenezwa vibaya huyeyushwa, na gramu zake zikabaki na bei yake. Hereni ya karatasi iliyotengenezwa vibaya ni takataka yenye tundu.

Hoja ya kwanza: kusini hakuanzi leo

Wako wanaodhani kwamba sanaa ya namna hii imeletwa na watalii au miradi ya wafadhili. Lakini mwaka 2018 watafiti waliochimba katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, Kenya, walitangaza kwamba wamepata ushanga wa gamba la konokono wa baharini wenye umri wa kati ya miaka 67,000 na 63,000. Shanga za maganda ya mayai ya mbuni nazo zina umri wa makumi ya maelfu ya miaka katika Afrika Mashariki. Mtu aliyekaa akitoboa ganda la yai kwa jiwe lililochongoka, bila kulivunja, alikuwa fundi kamili. Hakuwa akisubiri dhahabu ipatikane.

Tuje nyumbani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alitoka Lindi akaingia bara hadi Masasi na uwanda wa Makonde, akipiga picha na kukusanya vitu. Miongoni mwa yaliyomshangaza ni ndona, kile kipande cha mduara kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu wa mwanamke, mara nyingi cha mpingo. Weule aliona ajabu. Fundi aliyemo humu ukumbini ataona swali la ufundi: kipande hicho lazima kiwe laini kiasi cha kutochubua nyama, kiwe na ukingo unaokishika kisidondoke, na kadiri miaka inavyokwenda kibadilishwe kwa kikubwa zaidi. Hilo ni pambo lililotengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja, na ni wateja wachache sana wa dukani wanaopata huduma hiyo leo. Wamo humu waliolelewa na bibi mwenye ndona, na wamo walioambiwa wamwonee haya bibi huyo. Wote wawili wanaweza kulitazama jambo hili upya.

Mfano wa pili ni lipiko, kinyago cha kichwani cha Wamakonde. Mchongaji hutumia mti mwepesi, kwa sababu mchezaji atakibeba kichwani na kucheza nacho juani. Nembo za usoni huziinua kwa nta ya nyuki, kwa sababu nta hushika na kufinyangika kuwa mstari mwembamba ambao patasi ingeuvunja. Nywele huweka nywele za mtu, kwa sababu hakuna kitu kingine kinachofanana nazo. Vitu vitatu, na kila kimoja na sababu yake. Mwalimu anayetafuta somo la kwanza la ubunifu ana lipiko. Hana haja ya kitabu kutoka ng'ambo.

Pwani nako, wanawake wa Kiswahili walivaa majasi ya karatasi za rangi zilizoviringwa na kupachikwa kwenye ndewe za masikio, na jioni wakavaa vikuba vya maua ambavyo asubuhi vilikuwa vimenyauka. Huko bara la Kenya, reli ya Uganda ilipopita, Wanandi walikata waya za simu na kuzifanya bangili, jambo lililowakera sana Waingereza. (Kabla kijana yeyote hajaandika wazo hilo kwenye daftari: waya wa TANESCO si malighafi. Ni kesi.)

Hoja ya pili: kitu duni humtaka fundi akijue

Katika Acholi Quarter, mtaa wa Kireka jijini Kampala, akina mama waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda walikuwa wakiponda kokoto kwa nyundo ili wale. Baadhi yao walikuwa wakitengeneza pia shanga za karatasi. Mwaka 2004 shirika la BeadforLife lilianzishwa na wanawake watatu wa Kimarekani kwa ajili ya kuziuza nje, na shanga hizo zikajulikana duniani.

Tazameni jinsi ushanga mmoja unavyotengenezwa. Karatasi hukatwa mapande marefu ya pembetatu, mapana upande mmoja na yenye ncha upande wa pili. Upana wa kitako ndio utakaokuwa urefu wa ushanga. Urefu wa pande ndio utakaokuwa unene wake. Fundi huanza upande mpana, anaviringa juu ya sindano nene, anakaza kwa vidole, na anapofika kwenye ncha anaweka gundi. Zikishatungwa kwenye uzi, shanga huchovywa kwenye vanishi, zikaanikwa, zikachovywa tena. Hapo ndipo penye siri: rangi karibu zote za karatasi hupotea ndani. Zinazoonekana ni zile za kingo na za ncha tu. Kwa hiyo mama anayejua kazi haangalii picha iliyo katikati ya ukurasa, anaangalia pembeni. Karatasi ya gazeti hunywa gundi na kulegea. Ya jarida linalong'aa au kalenda ya ukutani hushika vizuri. Mtu anayeona kazi hii ni ya watoto aijaribu usiku mmoja, akiwa na kalenda ya mwaka jana na mkasi.

Jirani yetu Edward Saidi Tingatinga ni ushahidi mwingine. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha Dar es Salaam. Alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wasanii. Alikuwa na vipande vya hadibodi vya mraba, vya sentimita 60 hivi kila upande, na rangi za makopo zinazotumika kupaka baiskeli. Rangi hiyo hung'aa, haichanganyiki kirahisi, na ukiigusa kabla haijakauka inaharibika. Basi ikamlazimisha kupaka eneo zima kwa rangi moja, kusubiri, kisha kuweka madoa na mistari juu yake. Chui wa Tingatinga ana madoa safi kwa sababu ya tabia ya rangi ya baiskeli. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, baada ya kudhaniwa kuwa mhalifu anayekimbia. Mtindo aliouacha umebeba jina lake hadi leo, na umelisha familia nyingi zenye asili ya kusini.

George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934, alipokelewa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kwa kazi ya ulinzi. Baadaye mashetani wake wenye masikio makubwa na vitumbo vya kuchekesha walitokea kwenye ngozi za mbuzi, batiki na hadibodi, na hatimaye kwenye kumbi za Ulaya na Marekani. Ngozi ya mbuzi ina mikunjo, mashimo na sehemu zinazokataa rangi. Lilanga alichora akishirikiana nayo.

Nairobi yuko Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984. Utotoni alitamani miwani, na baba yake akamwambia kama anaitaka aitengeneze. Akaitengeneza. Leo miwani yake ya waya, vijiko na vipande vya mashine imeonyeshwa katika nchi nyingi. Haimsaidii mtu kuona mbali, lakini anayeivaa haachi kutazamwa. Nairobi hiyohiyo, mbunifu wa vito Ami Doshi Shah alitoa mwaka 2019 mkusanyo alioutengeneza kwa chumvi pamoja na shaba ya njano. Kila sonara anajua kwamba chumvi ni adui wa shaba, huila na kuiacha na kutu ya kijani. Yeye aliifanya ile kutu kuwa sehemu ya pambo. Kazi yake ilionyeshwa katika maonyesho ya mitindo ya Afrika yaliyofunguliwa mwaka 2022 katika makumbusho ya Victoria and Albert, London.

Hoja ya tatu: kila kitu kimetoka mahali

Hapa Nachingwea hakuna haja ya kueleza FRELIMO ilikuwa nani. Kambi yao ilikuwa hapa, Samora Machel aliishi hapa, na wapiganaji waliofundishwa hapa walivuka Ruvuma kwenda kupigana na Wareno. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Vita vingine vikafuata, vya wenyewe kwa wenyewe, hadi mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Amani ilipokuja, silaha zilikuwa zimebaki kila mahali: chini ya vitanda, kwenye mashamba, ndani ya mashimo.

Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la Msumbiji, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilishana. Mtu akileta bunduki alipewa jembe, baiskeli, cherehani. Bunduki zilikatwa zisitumike tena, na vipande vyake wakapewa wasanii. Mwaka 2001 mmoja wao, Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, alitengeneza kiti cha enzi kilichonunuliwa na makumbusho ya British Museum. Miguu, mikono na kikalio vyote ni vipande vya bunduki. Zimo AK zilizotengenezwa katika nchi za Kikomunisti, na imo G3, bunduki iliyokuwa mikononi mwa askari wa Kireno. Hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika. Kwenye mgongo wa kiti kuna vitako viwili vya bunduki vilivyosimama wima, na ukivitazama vizuri, tundu za skrubu na upenyo wa mkanda vinafanya macho na mdomo. Kester hakuzichonga sura hizo. Aliziona pale zilipokuwa.

Msanii mwenzake, Gonçalo Mabunda, anaendelea na kazi ya namna hiyo kwa viti na vinyago vya mabaki ya silaha. Watu wanaosimama mbele ya kazi hizi hawavutwi na uzuri wa chuma. Kila mmoja anajua kitako cha bunduki hukaa wapi begani. Maana tayari imo ndani ya kitu, na msanii ameipindua. Nachingwea ina hisa katika hadithi hiyo, na inashangaza kwamba hakuna msanii wa hapa aliyekwisha kuidai.

Kuna hadithi nyingine iliyolala chini ya miguu yetu. Waingereza walipoleta mradi wa karanga baada ya vita vya pili vya dunia, matrekta hayakutosha, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Vyuma vya vita viliambiwa vilime. Mradi ulikufa mwaka 1951. Reli iliyojengwa kuleta karanga pwani ilifungwa mapema miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Kijana anayeokota boliti ya zamani shambani Nachingwea huenda ameshika kipande cha mambo hayo, na thamani ya boliti hiyo kama kidani si sawa na ya boliti iliyonunuliwa jana dukani.

Lamu walifanya jambo kama hilo kwa kiwango cha jahazi. Fundi Ali Skanda na wenzake walijenga chombo cha plastiki iliyookotwa, wakakivisha kandambili zipatazo 30,000, wakakiita Flipflopi, na mapema mwaka 2019 kikasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kingezama, hadithi yake isingekisaidia. Hilo ndilo onyo la hoja hii: habari nzuri haitibu hereni inayokwaruza shingo.

Hoja ya nne: kilichopo Nachingwea na Ruangwa

Waamsheni waliolala.

Tuanze na mpingo. Misitu ya mkoa wa Lindi ni miongoni mwa maskani makubwa ya mti huu. Gogo likifika mashineni, wanunuzi wa ng'ambo wanaotengeneza klarineti na zumari za Kizungu wanataka kipande cheusi kisicho na ufa, shimo wala weupe. Sehemu kubwa ya gogo haifiki huko. Huishia kuwa kuni au vumbi, na hapo ndipo penye kazi: kipande cha urefu wa kidole kinatosha jozi ya hereni. Tena kile kinachokataliwa na watengenezaji wa klarineti, yaani mpaka kati ya moyo mweusi na ganda lenye rangi ya maziwa, ndicho kinachomfaa mtu wa vito. Bangili yenye mstari huo haihitaji kupakwa rangi.

Lakini mpingo una tabia zake. Ukikaushwa haraka hupasuka, kwa hiyo ncha za kipande hupakwa nta, kisha kipande huachwa kivulini kwa muda mrefu. Ni mzito hadi unazama majini, na hereni nene zitavuta ndewe kabla harusi haijaisha. Pete iliyokatwa kutoka ubao mmoja itavunjika pale nyuzi za mti zinapopita kukatisha unene wake. Wanaojua hugundisha tabaka mbili au tatu nyembamba, nyuzi za moja zikikatisha za nyingine. Na mbao yoyote iwe na karatasi zake kutoka TFS, wakala wa misitu. Wenzetu wa Kilwa walionyesha kwamba inawezekana: misitu ya vijiji kama Kikole ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu mwaka 2009, na tangu hapo kijiji kinaweza kumwambia mnunuzi mti umekatwa wapi na kwa idhini ya nani.

Pili, korosho. Kila msimu maganda hubaki mahali pa kubangulia, na kila mgeni mwenye nia njema huuliza kwa nini hayafanywi shanga. Akina mama waliobangua kwa mikono wanalijua jibu, lipo kwenye vidole vyao. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Viwandani mafuta hayo huingia kwenye breki za magari na kwenye rangi. Kuyaning'iniza maganda hayo shingoni mwa mtu ni kumtafutia vidonda. Umbo la korosho, hata hivyo, haliunguzi. Fundi anayejua kuyeyusha sufuria mbovu za alumini na kumimina kwenye kalibu ya mchanga anaweza kutoa korosho za chuma nyepesi, za kidani au kifungo, na kila mtu kutoka Lindi hadi Newala atazitambua kwa mbali. Makopo ya viuatilifu na mifuko ya salfa isiguswe kabisa, hata iwe na rangi nzuri namna gani.

Tatu, madini ya Ruangwa. Ruangwa leo inatajwa kwa kinywe, madini meusi yanayotafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na mgodi wa Lindi Jumbo umeshaanza kuzalisha. Kinywe ni laini sana. Ukikigusa kinabaki kidoleni, na kidani chake kingeharibu shati jeupe la mwanafunzi kabla ya kengele ya kwanza. Kwa mchoraji tabia hiyohiyo ni baraka, kwa kuwa moyo wa penseli ni kinywe kilichochanganywa na udongo. Shule ya Ruangwa inayoagiza penseli kutoka mbali huku watoto wakikanyaga malighafi yake ni jambo la kuwauliza waheshimiwa madiwani, kwa heshima zote.

Kinywe kina jirani yake. Upande wa Namungo hupatikana ganeti ya kijani, jiwe ambalo biashara ya dunia inaliita tsavorite. Campbell Bridges alilikuta kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, baadaye akalipata Kenya, na mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ikalitangaza kwa jina la mbuga ya Tsavo. Jiwe lililotambuliwa kwanza Tanzania likapewa jina la Kenya. Wachimbaji mnaweza kucheka au kununa. Ni gumu, linastahimili pete ya kila siku, na kwa kawaida halichomwi kama tanzanite ili kupata rangi yake. Kwa kuwa limezaliwa kwenye mwamba wenye kinywe, mara nyingi huwa na vidoa vyeusi ndani. Dalali akiona vidoa anashusha bei. Mbunifu mwenye akili angeviacha vionekane, akaliweka jiwe hilo bila kulikata sana kwenye kitanda cha mpingo, na kumwambia mteja kwamba weusi wa ndani na weusi wa nje vyote ni vya Lindi. Hakuna kiwanda cha Asia kinachoweza kuiga habari hiyo na ikawa kweli.

Sheria ya madini inaruhusu jambo hili, ila si kwa njia ya uchochoroni. Anayenunua mawe kwa mchimbaji na kuyauza anahitaji leseni ya biashara hiyo. Kijana wa vito na mchimbaji mwenye leseni ndogo wanapaswa kukaa pamoja na ofisa madini kabla ya jiwe la kwanza kubadili mkono. Anayetaka kujifunza kukata mawe kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha. Ni mbali na ni gharama, lakini akienda mmoja akarudi, ataweza kuwafundisha wengine.

Vitu vidogo vitajwe kwa haraka: spoki za baiskeli, minyororo ya pikipiki, vifuu vya nazi, pembe za ng'ombe kutoka machinjioni, vitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani. Mwili wa hereni unaweza kuwa chochote. Kile kinachopita ndani ya sikio kiwe fedha halisi au chuma kisichoshika kutu, kwa maana sikio likioza mteja harudi. Na tafadhali, miiba ya nungunungu, manyoya ya ndege wa porini, magamba ya kasa na meno ya mnyama yeyote wa mwituni, hata kama vimeokotwa njiani, ni nyara za serikali. Fundi asivipokee bila kibali, hata akiletewa bure.

Hoja ya tano: bei na huruma

Bidhaa nyingi za namna hii huuzwa zikiwa na karatasi ndogo inayoeleza umaskini wa aliyezitengeneza. Mnunuzi hulipa mara moja ili moyo wake upoe, kisha pambo likalala kabatini. Biashara ya huruma ina mteja wa siku moja. Linganisheni na Kazuri ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1975 na akina mama wachache wakifinyanga shanga za udongo. Imedumu kwa sababu shanga zinalingana, rangi hazibanduki, na mtu akipoteza hereni moja anaweza kurudi kutafuta mwenziwe.

Hatari nyingine ni kufanana. Shanga za karatasi zilipopata soko, kila mtaa ukazitengeneza, na sasa meza za sanaa kutoka Kampala hadi Arusha zimejaa mikufu ambayo mwenye meza mwenyewe hawezi kusema ni ya nani. Tingatinga na Lilanga nao wameigwa hadi saini zao zikaigwa. Atakayebuni umbo lake apige picha, aandike tarehe, aisajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki.

Watalii wachache sana wanafika Nachingwea, na hilo si janga. Hapa kuna harusi, kipaimara, mahafali, walimu na wauguzi wenye mshahara wa kila mwezi, na mashabiki wa timu ya mpira ya Namungo wasio na hata kishaufu cha kubandika kwenye kofia. Mteja huyo ni mkali kuliko mtalii. Hanunui kwa sababu kitu ni cha asili; ananunua kwa sababu jirani yake atauliza amekipata wapi.

Kinachofuata

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilirejea mwaka 2024 baada ya kusimamishwa. Kikundi cha watu watano wa kundi mojawapo kati ya hayo, chenye mchongaji mmoja, fundi wa kuchomelea mmoja na mshonaji mmoja kinaweza kuiomba kwa ajili ya vito kama kinavyoiomba kwa ajili ya kuku. Shirika la ADEA la Mtwara, walioandaa tamasha la utamaduni la MaKuYa, wana uzoefu wa miaka mingi wa kufanya kazi na mafundi wa kusini na ni watu wa kuwatembelea kabla ya kuanza. Meza za maonyesho ya Nanenane kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi, hazijawahi kukatazwa mapambo.

Pendekezo linalowekwa mezani leo ni dogo. Ofisi za utamaduni za wilaya hizi mbili zitengeneze sanduku moja la sampuli: kipande cha mpingo chenye moyo na ganda, korosho ya alumini, ganeti moja yenye vidoa iliyopatikana kwa karatasi halali, donge la kinywe ndani ya kichupa, ushanga wa karatasi ya kalenda, boliti ya reli. Kila kipande kiandikwe kilikotoka, kilivyokauka au kuyeyuka, kilipovunjika na kwa nini. Sanduku likae Nachingwea miezi sita na Ruangwa miezi sita, na atakayeliazima aongeze kitu kimoja kabla ya kulirudisha. Mchongaji mmoja aliyekaa safu ya tatu ameshakubali kutoa kipande cha mpingo, na kiti chake kinaonekana kutoka hapa, kwa hiyo hawezi kukana.

Ndugu Mwenyekiti, muda uliobaki ni wa maswali. Ombi ni kwamba mafundi waulize kwanza, na viongozi wafuate.